Sini ya Msibani

Kwa maelezo ya Mwanamvua, muuza maandazi wa Viwanja Sitini, Angelina alianguka chini kama gunia la mpunga lililokatika kamba. Aliapa kwamba ameona kwa macho yake mawili. Shemeji mkubwa wa Angelina, mzee William, yule aliyeshuka juzi kutoka Mbeya, alisimama katikati ya uwanja na simu mkononi, akasoma kwa sauti kama anasoma matangazo ya kanisani. Alipofika mwisho tu, mwanamke akaenda chini, macho meupe, meno yamekazana, hadi wakamtia kijiko mdomoni.

"Kijiko gani?" Yosefina aliuliza.

"Cha chai. Mtu kafa, wewe unauliza kijiko?"

"Amekufa?"

"Nusura, nimesema nusura. Usinivuruge."

"Na wewe, dada Mwanamvua, ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa kwangu, kwenye karai langu."

"Upande huu wa ua wa mabati?"

"Mabati yanazuia sauti, mwanangu?"

Yosefina hakubisha. Alikuwa na tabia ya kumwacha mtu amalize, kisha anapima mwenyewe kipi cha kubeba na kipi cha kuacha njiani. Alikuwa anapita kuelekea kwenye mashine ya kukoboa, ambako alipepeta mchele wa watu kwa kutwa, na ungo wake ulikuwa umebanwa kwapani. Akapokea maandazi manne kwenye gazeti.

"Alikuwa anasoma nini?"

Mwanamvua aliinamia karai, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Kukiri. Angelina alikiri siku ya mazishi, mbele ya jeneza, kwamba ndiye aliyemuua mumewe, Kelestini. Imeandikwa, mwanangu, na majina yao. Fulgensi, mdogo wake William, anayo kwenye simu. Ndugu wa marehemu anamwambia, 'Angelina, wewe ndiye uliyemuua huyu. Toa shamba lake, nenda kwenu.' Na yeye, bila aibu, anajibu."

Yosefina alijua jibu kabla halijatoka.

"Anajibu, 'Ndiyo, nimemuua. Na wewe kaa karibu, zamu yako inakuja.' Alhamdulillahi mimi siku ile nilikuwa jikoni kwenye masufuria, sikusikia kitu. Leo saa tisa ukoo unakaa. Shamba la bondeni linaondoka, na yeye anarudishwa kwao."

Maandazi yalikuwa ya moto, yakapenyeza mafuta kwenye gazeti mpaka kwenye kiganja chake, na Yosefina hakusikia. Maneno yale aliyajua moja moja, na nukta zake alizijua. Aliyaandika yeye.

*

Yosefina aliishia darasa la saba. Hadithi hakuwahi kuacha. Aliandika kwenye madaftari ya mistari, akawapa vikundi vya vijana wa Ifakara waliokuwa wakipiga muvi kwa kamera za kuazima, na mara nyingi malipo yake yalikuwa jina lake kupita chini ya kioo kwa kasi ambayo hata mama yake hakuweza kulisoma. Tatizo lilikuwa madaftari. Yalilowa, yalipotea, moja lilifungiwa karanga. Tena mtu mmoja aliyejua kazi, alipotoka mjini kuja kutafuta hadithi, alilifungua daftari, akalifunga, akasema, "Dada, skripti haikai hivi." Akamwonyesha kwenye kompyuta yake jinsi inavyokaa: mahali juu, jina katikati, maneno chini yake. Programu ile ililipiwa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Yosefina hakuwa na dola, wala benki, wala kompyuta.

Alichokuwa nacho ni simu yenye ufa na Vitus, fundi simu wa Mlabani, kijana aliyejifunza kutengeneza programu kwa kuangalia video za usiku bando likiwa rahisi. Yosefina alimwendea na karatasi aliyochora mwenyewe kwa penseli: visanduku vinne. Wapi. Lini. Nani. Anasema nini. Ukishajaza, simu yenyewe iipange skripti inavyotakiwa. Isitake mtandao. Ikae kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Iwe kwa Kiswahili chote, na mtu ainunue mara moja tu, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai.

Ilichukua mwaka na miezi. Wakaiita Tunga. Mwanzoni Vitus aliweka kisanduku cha tano, Anasemaje, cha kueleza kama mtu anasema kwa hasira au kwa kunong'ona au kwa kucheka. Waliojaribu wakakijaza kila mstari: kwa huzuni, kwa huzuni sana, kwa huzuni kubwa mno. Yosefina akasema kitolewe.

"Watu wanapenda kile kisanduku," Vitus alisema.

"Wanajificha humo. Maneno yenyewe yaseme."

Kikatolewa, programu ikawa nyepesi, na kweli watu wakaanza kuandika vizuri zaidi. Kisha Vitus akasema anayeanza anahitaji mfano, sini moja, yaani onyesho moja lililokamilika, aifungue aone kitu kinavyokaa. Yosefina alikuwa nayo tayari kichwani. Aliibeba toka msiba wa Kelestini, mvuvi na mkulima, mume wa Angelina, aliyefariki masika ya mwaka uliotangulia.

Siku ile jeneza lilipotolewa ndani, mzee Obed, mtani wa ukoo, aliivaa kofia ya marehemu, akajipaka majivu usoni, akalala chali njiani mwa wabebaji. Akapayuka: "Angelina! Wewe ndiye uliyemuua huyu! Kambale asubuhi, kambale mchana, kambale usiku, mtu gani ataishi? Toa shamba lake nilime mimi, wewe nenda kwenu ukawalishe wao!" Na Angelina, aliyekuwa hajatoa neno kwa siku tatu, aliinua kichwa kwenye kanga akamjibu: "Ndiyo, nimemuua! Na wewe kaa karibu, zamu yako inakuja!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Angelina mwenyewe alicheka mpaka akashikwa mbavu, kisha ndipo akalia kile kilio kilichokuwa kimemkwama. Obed akapewa jogoo, akainuka, jeneza likapita.

Yosefina aliiandika jioni ileile. Baadaye, kuiingiza kwenye Tunga, aliifupisha. Kambale wakaondoka, maana sini ilikuwa ndefu. Mzee Obed akambadilisha kuwa NDUGU WA MAREHEMU, maana mwanafunzi wa kwanza angeuliza mtani ni nani, na ndugu dhidi ya mjane kunaikaza hadithi zaidi. Kicheko hakikuwa na kisanduku. Na jina la Angelina alilipitia mara ishirini bila kuliona, kama mtu anavyopita kwenye mlango wa kwao.

*

Vitus alikuwa amefungua simu ya mtu, vipande vyake vimepangwa juu ya taulo. Alimsikiliza Yosefina bila kuinua kichwa. Alipoinua, uso ulikuwa umebadilika.

"Nani mwingine anajua ni sini yetu?"

"Fulgensi anajua, si ana Tunga kwenye simu yake? Bila shaka kapiga picha ukurasa wenyewe, kakata pale juu palipoandikwa Mfano. Kamtumia kaka yake picha tu."

"Na yeye hakuwepo msibani?"

"Fulgensi alikuwepo. Mzee William ndiye hakuwepo, alikuwa kalazwa Mbeya. Na Obed naye ameshakufa, mwezi wa nane mwaka jana."

Vitus aliweka bisibisi chini. "Sikiliza, Yose. Natoa sini ile sasa hivi. Natengeneza toleo jipya, kila atakayewasha mtandao inafutika. Mpaka jioni hakuna mfano, hakuna msiba, hakuna Angelina."

"Na wakisema niwaonyeshe kwamba ulikuwa mfano, nitawaonyesha nini?"

"Usiende. Nani kakuita?"

"Hakuna."

"Basi. Alhamisi Nadhira anakuja kutoka Morogoro. Ana wanafunzi thelathini wa kuandika, wote anataka wawe na Tunga. Thelathini, Yose! Umepepeta mchele mwaka mzima unasubiri mtu kama yule. Leo ukisimama kwenye ukoo wa watu useme ulichukua maneno ya mjane ukayaweka kwenye simu za watu, kesho Ifakara nzima wanaifuta. Nani ataandika siri zake kwenye kitu chako?"

Yosefina alikitazama kichwa cha Vitus kilichoinama tena. Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomkera, kwamba hakuona pa kulipangulia.

"Usiguse chochote mpaka jioni," alisema.

"Yose."

"Nimekuomba. Mpaka jioni tu."

*

Angelina hakuwa ameanguka. Hakuwa na jeraha, wala kijiko. Alikuwa uani kwake anageuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai, anauburuza kwa mguu, mstari kwa mstari, kama siku nyingine yoyote. Yosefina alimwamkia. Angelina aliitikia marahaba yake akaendelea kuburuza.

"Nimekuja, mama."

"Nakuona."

"Ile karatasi..."

"Siyo karatasi. Mimi nimeoneshwa simu. Jina langu limekaa katikati, limeandikwa kubwa. Nikamuuliza shemeji, nani kaandika? Akasema, aliyeandika alikuwepo." Aliugeuza mguu, akaanza mstari mwingine. "Nikawaza, nani alikuwepo anayekaa pembeni anaangalia watu midomo? Hazikupita dakika mbili nikakupata."

"Nilitaka watu wajifunze..."

"Kwangu?"

Yosefina alihamishia ungo kwapa la pili.

"Uliniandika hukuniuliza. Sawa, ninyi vijana mnaandika kila kitu. Lakini siku ile mimi nilicheka, Yosefina. Siku tatu koo limefunga, yule mzee Mungu amrehemu akanifungua, nikacheka mpaka mama yangu akanishika. Maneno yangu umeyaandika yote, hukukosea hata moja. Kicheko changu mbona hukukiandika?"

Palikuwa na jibu. Simu ndogo, kisanduku cha tano, wanafunzi wa huzuni sana. Yosefina alilitazama jibu hilo, akaona haya nalo.

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, ndiyo. Lile shamba nimelichimbua mimi magugu wakati Kelestini anakaa mtoni wiki nzima. Mwaka huu nimelima peke yangu, mpunga wake ndio huu unaukanyaga." Yosefina akashtuka, akasogeza mguu nje ya turubai. "Wakilichukua leo, mwezi wa kumi na mbili nitapanda wapi? Nimewaambia ulikuwa utani. William ananiambia, 'Shemeji, mwenye kesi hawezi kuwa shahidi wake.' Fulgensi ananyamaza tu. Anajua, anakaa kimya."

"Wengine wa ukoo wanasemaje? Walikuwepo."

"Pawatila ya kulimia ni ya nani?"

Ya Fulgensi. Msimu ukianza, kila mwenye ekari moja upande ule humwendea yeye, na asiyemfurahisha hulimiwa wa mwisho, mvua zikiwa zimeshampita.

"Nitakuja saa tisa," Yosefina alisema.

Angelina alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hujaitwa. Siyo ukoo wako."

"Nitasimama mlangoni."

"Simama unapotaka. Usiniharibie zaidi tu."

*

Walikaa chini ya kibanda cha makuti cha Fulgensi, watu kumi na wawili, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Mzee William alikuwa mrefu, mkavu, fundi wa reli aliyestaafu, na alikuwa ameweka miwani, kalamu na simu mezani kwa kupangilia, kama mtu anayekagua chombo kabla hakijaondoka. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Yosefina, akiwa amesimama penye nguzo, alimwangalia muda mrefu akatamani angekuwa mbaya, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika.

Fulgensi alikaa mkono wake wa kulia, shati limepigwa pasi. Angelina alikaa peke yake pembeni ya mkeka.

"Yule binti ni nani?" William aliuliza.

"Jirani," Fulgensi alisema upesi. "Binti, hapa ni mambo ya ukoo. Karanga zinauzwa barabarani."

Wawili watatu wakacheka.

"Shikamoo, mzee," Yosefina alimwambia William. "Mimi ndiye niliyeandika hiyo inayosomwa."

Kicheko kikakatika. Fulgensi alinyoosha mguu, akaukunja.

William alivaa miwani. "Marahaba. Sogea." Akageuza simu kumwonyesha. "Hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwepo mazishini kwa mdogo wangu?"

"Nilikuwepo."

"Huyu hapa, Angelina, aliambiwa maneno haya?"

"Aliambiwa."

"Na alijibu hivi kama ulivyoandika?"

"Alijibu hivyo."

Mkeka mzima ukanong'ona. Angelina alifumba macho. William aliandika kitu kwenye daftari dogo, akafunika kalamu. "Ahsante. Ukweli hauna maneno mengi. Unaweza kwenda."

"Sijamaliza, mzee."

"Mimi nimemaliza."

"Aliyesema siyo ndugu wa marehemu. Ni mzee Obed."

Mkono wa William ulisimama juu ya daftari. "Obed mtani wetu?"

"Yeye. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, amejipaka majivu. Watu walicheka. Na mama hapa alicheka."

"Hapa pameandikwa Obed?"

"Hapana."

"Pameandikwa walicheka?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

Yosefina alitoa simu yake, akafungua Tunga, akamwonyesha neno Mfano juu ya ukurasa, na visanduku vinne, na sini ileile. Alieleza kwamba ni programu ya kujifunzia kuandika muvi, kwamba yeye na mwenzake wameitengeneza, kwamba sini ile iliwekwa ili anayeanza aone mpangilio. Alimbadilisha Obed kuwa ndugu ili hadithi ikaze.

"Ikaze," William alisema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliandika uongo."

"Niliandika hadithi."

"Dakika moja iliyopita umeniambia maneno yalisemwa. Sasa unaniambia msemaji umemtunga. Nitajuaje, binti, hapa ulipo saa hii, umesimama upande upi? Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Darasa la saba, anatengeneza programu!" Fulgensi aliwageukia wenzake. "Na sisi tumekaa tunamsikiliza. Kesho atatutengenezea ndege."

Hakucheka mtu sana. William aliinua kidole, wakatulia. Alimtazama mdogo wake. "Fulgensi. Obed alisema haya?"

Hapo Yosefina aliona kitu kidogo. Fulgensi aliangalia kwanza mkekani, kwa wale waliokuwepo, akawapitia mmoja mmoja. Shangazi yao Rosa akainamia kucha zake. Mwingine akavunja kijiti, akavunja na nusu yake.

"Obed alifanya utani wake, kaka, sikatai," Fulgensi alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupata pa kukanyaga. "Obed alikuwa mcheshi, nani asiyemjua. Lakini ule ulikuwa wake, nyumbani. Mimi langu nililisema baadaye, kaburini, watu wameanza kuondoka. Nilimwambia shemeji maneno haya haya, kwa uchungu, siyo kwa utani. Na akanijibu hivi. Huyu binti alikuwa anazungukazunguka na simu yake, kaandika yangu. Leo anaogopa kwa sababu ya biashara yake, anamsingizia marehemu."

"Mwongo!" Angelina alisema.

"Shemeji, taratibu," William alisema.

"Nakwambia mwongo. Kaburini nilishikwa na wanawake wawili, hata njia sikuiona."

"Taratibu, nimesema." William aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na aliifuta muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Nina maandishi yanayosema ndugu. Nina ndugu anayesema ni yeye. Nina mwandishi anayekiri maneno yalisemwa, halafu anabadilisha msemaji. Shangazi, wewe ulisikia lolote kaburini?"

"Mimi nilikuwa nyuma, baba," Rosa alisema bila kuacha kucha zake. "Magoti yangu haya."

"Mwingine?"

Huko barabarani pikipiki ilipita, ikapotelea upande wa Mlabani. William alifungua kalamu.

Yosefina alimwangalia mkono. Akishaandika, alijua, mtu wa namna ile hafuti. Alifikiria Alhamisi. Akafikiria vikundi na mazoezi ya jioni kwenye uwanja wa shule, watu wanavyogombea mistari mizuri, kila mmoja akisema huu ni wangu.

"Mzee, naomba neno moja, kisha niondoke kabisa."

"Sema."

"Kwenye maigizo mtu akidai mstari ni wake, tunampa ausome mbele ya yule anayeambiwa. Hatubishani." Aliiweka simu yake mezani mbele ya Fulgensi, ukurasa umefunguka. "Baba Fulgensi anasema aliyasema haya kwa mama, siyo kwa utani. Namwomba amwambie tena. Amtazame, amtaje jina, amwambie kama alivyomwambia siku ile."

Wote pale walijua Yosefina ameomba nini. Mtani akimwambia mjane umemuua mumeo, anapewa jogoo na neno linaisha palepale. Ndugu wa damu akilisema kwa nia yake, mbele ya ukoo, amelibeba kama shtaka lake, na siku yoyote mtu akiugua katika ule ukoo watamrudia yeye kumuuliza aliona nini. Kunyamaza na picha kwenye simu kulikuwa rahisi. Picha haikuwa na mdomo.

"Upuuzi," Fulgensi alisema. "Kaka, tumekuja kuigiza hapa?"

William hakuandika. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi tu. "Siku ile ulisema mara moja," alisema. "Mara ya pili inakugharimu nini?"

Angelina aliinuka kwenye mkeka. Alivuta kanga mabegani, akavuka kibanda kwa hatua zake zilezile za kugeuzia mpunga, akasimama mbele ya meza, karibu kiasi kwamba Fulgensi alilazimika kuinua uso.

"Nipo, shemeji," alisema.

Fulgensi aliichukua simu. Aliishika kwa mikono miwili kama kitu cha mwenzake. Midomo yake ilipita juu ya mstari wa kwanza bila sauti, ikarudi mwanzo. Alikohoa. Alimtazama shangazi Rosa, na safari hii Rosa alikuwa ameacha kucha, anamtazama yeye. Kioo cha simu kikafifia, kikazima, na Yosefina akanyoosha mkono akakigusa, kikawaka tena palepale, jina la Angelina katikati.

"Soma, baba," alisema.